Vita vya Kitovu cha Gurudumu, na Jinsi Kanuni ya Mia Ilivyoanguka

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, mnaomiliki baiskeli na mnaoazima za majirani! Aliyeshika mwiko aje nao, aliyevaa kiatu kimoja asikitafute cha pili, maana habari niliyonayo si ya wafalme waliogombea miji, wala ya majeshi yaliyokutana bondeni vumbi likafunika jua. Ni kubwa kuliko hizo. Ni habari ya kitovu cha gurudumu, kile kidude cha chuma kilichokaa katikati ya spoki, ambacho mafundi hukiita habu, na ambacho ndani yake gololi zimejipanga duara kama mashahidi wanaongoja kuitwa barazani. Kwa ajili ya gololi hizo koo zilikauka, ndoa moja ilitetereka kwa muda wa saa mbili, na mzee mwenye heshima zake alipanda mlima mara tano kwa miguu, akisukuma baiskeli, ili apate kushuka nayo.

Palikuwa na karakana ya baiskeli, chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande wa nyuma na mlango wa mabati upande wa mbele. Chini ya dirisha ilikuwapo Meza ya Vitovu, yenye jiliwa la kubania vyuma, kigoda na mwanga mzuri. Kando ya mlango, penye upepo na matope ya wapita njia, lilikuwapo Beseni la Pancha, ambamo tyubu huzamishwa majini ili zitoe siri zao. Baina ya meza na beseni ni hatua saba tu, lakini wako watu walioishi na kuzeeka bila kuzimaliza.

Juu ya ufalme huo alitawala Bwana Mia, mhesabu wa mizunguko, mkuu wa magurudumu yaliyopinduliwa, mwenye koti la kazi refu lililofika magotini na kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa hazina wino. Jina lake lilitokana na kanuni yake. Kila baiskeli iliyotengenezwa ilipinduliwa miguu juu, gurudumu likasukumwa kwa mkono mara moja, naye akaanza kuhesabu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Likifika mia kabla ya kusimama, kazi ni njema. Lisipofika, kazi ni mbovu, na aliyeifanya ni mbovu, na waliomlea nao waulizwe.

Sasa, ili gurudumu lifike mia, ilibidi grisi yote ikombwe, gololi zioshwe kwa mafuta ya taa hadi zing'ae, kisha zidondoshewe mafuta mepesi ya cherehani, matone matatu, si manne. Gurudumu la namna hiyo lilizunguka kama uvumi. Wateja walikodoa macho, wakashangilia, wakaondoka. Mvua ikinyesha wiki moja, maji yakaingia, mafuta yakatoka, na habu ikaanza kusaga kama mtu anayetafuna mchele mbichi. Mteja akirudi kulalamika, Bwana Mia alimtazama kwa huruma, akasema, "Umeiendesha vibaya," akaosha tena, akadondosha tena, akahesabu tena. Katika ukoo mzima aliyefaidika na hesabu ile ni mmoja tu, mjukuu wake wa miezi saba, aliyelazwa mchana ndani ya tairi kuukuu lililotandikwa shuka, ambaye hakuwahi kuvuka arobaini na tano kabla ya kusinzia.

Mama wa mtoto huyo ndiye shujaa wetu. Tazameni anavyosimama! Mama Grisi, mshika spana kwa mkono wa kulia na mwana kwa wa kushoto, mke wa mtoto wa Bwana Mia, aliyeanza kwenye beseni akiwa bibi harusi mpya, akaziba pancha miaka miwili mizima, akaziba hata siku ya kuamkia kujifungua. Jina alipewa na mkwewe kwa dhihaka, kwa sababu kucha zake hazikutakata. Naye akalivaa kama nishani. Mwezi ule, baada ya maombi mengi, alikuwa amepewa Meza ya Vitovu kwa majaribio. Akifaulu, ni yake. Akishindwa, beseni halijahama.

Mumewe aliitwa Katikati. Tangu azaliwe hakuwahi kuegemea upande wowote, na hata kitandani hulala katikati, mke na mtoto wakagawana kingo.

Ikawa siku ya Jumatano, Bwana Mia akiwa amekwenda kunyolewa, ndipo alipoingia Mkunga. Mwanamke mpana wa mwili na wa sauti, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule na asiyewaogopa nusu waliobaki. Alikuwa akiiburuta baiskeli yake kwa sikio, yaani kwa usukani, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Hii ni mara ya tatu tangu mvua zianze," akasema. "Mara ya tatu! Baiskeli yenu inalia kuliko wazazi ninaowazalisha. Juzi nimefika kwa mtu nikiisukuma, mtoto ameshatoka zamani, kalala zake, ananitazama kama mimi ndiye mgeni."

"Pole, mama," akasema Mama Grisi. "Kaa kidogo."

"Sitaki kukaa, nataka kwenda. Nina mzazi jioni, kule chini, na huyo hana subira kama wewe."

Mama Grisi akaifungua habu. Gololi zikamwagika kwenye kisahani, nyeusi, kavu, zilizotobokatoboka kama meno ya mpenda peremende. Akazitupa, akaleta mpya. Kisha, mkwewe akiwa mbali, mashine ya kinyozi ikiwa shingoni mwake, akafanya tendo ambalo halikuwa limefanyika katika chumba kile kwa miaka thelathini na miwili. Akafungua kopo la grisi. Akachota kwa vidole viwili, akashindilia, akapanga gololi, akashindilia tena, mpaka ikabubujika pembeni kidogo, ya kufuta tu. Akafunga. Akafanya hivyo kwa gurudumu la mbele na la nyuma, na mikono yake ikawa myeusi hadi viwikoni, na moyo wake ukawa mweupe.

Katikati aliyaona yote. "Mke wangu," akanong'ona, "sijaona kitu."

"Na macho hayo?"

"Nayatumia kwa mambo mengine."

Ndipo kivuli kirefu cha koti kikaangukia kizingiti.

Bwana Mia, mwenye kisogo kipya na harufu ya poda, hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli, akaipindua, akalishika gurudumu, akalisukuma, na watu waliokuwa kwenye benchi la kusubiri wakanyoosha shingo. "Moja! Mbili! Tatu!" Ishirini ilifika vizuri. Ishirini na tano ilifika ikichechemea. "Ishirini na tisa," akasema Bwana Mia, sauti ikipungua. "Thelathini. Thelathini... na moja." Gurudumu likasimama. Ndani ya tairi kuukuu mtoto, aliyekatizwa njiani, akafumbua macho akaangua kilio.

"Mkwe wangu!" akanguruma Bwana Mia, mkono mmoja juu, kalamu tatu zikitetemeka mfukoni. "Mimi niliyesimama hapa kabla mlango huu haujafungwa bawaba, mimi niliyewatoa mafundi kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyenitia aibu hadharani, leo nimekwenda kupunguza nywele, ninarudi, ninakuta gurudumu linazunguka kama ng'ombe aliyeshiba! Thelathini na moja! Baiskeli hii haitateremka mlima, itautambaa! Mkunga ataanza safari mtoto akizaliwa, atafika mtoto akioa! Ondoka mezani. Rudi kwenye beseni."

Hatua saba zile zikajinyoosha mbele ya Mama Grisi kama jangwa. Akamnyanyua mwanawe, akamweka begani, akampigapiga mgongo. Mkwe ni mkwe, na sauti haipandishwi mbele yake. Kwa hiyo akaishusha, ikawa ya hatari zaidi.

"Baba, heshima yako iko palepale, wala sijaja kuipunguza. Lakini naomba kuuliza jambo moja, na wenye benchi wasikie. Mkunga akienda kazini, huwa anakwenda kichwa chini miguu juu?"

Mtu mmoja benchini akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Maana gurudumu likiwa hewani," akaendelea, "halina kazi yoyote ila kuzunguka, kwa hiyo hata kijigrisi kidogo linakiona ni mzigo. Likishuka chini likabeba mtu na barabara na upepo, sidhani kama litakumbuka grisi ni nini. Twende mlimani tukajaribu. Baiskeli yangu ikiachwa nyuma kwa sababu ya grisi, ninarudi kwenye beseni kwa miguu yangu, sitanung'unika. Isipoachwa, meza ni yangu, baba, na majaribio yamekwisha."

"Katikati!" akaita Bwana Mia. "Umemsikia mkeo?"

"Nimemsikia, baba. Nawe nimekusikia. Nyote mnasikika vizuri."

"Bishaneni mkitembea," akasema Mkunga. "Nimewaambia nina mzazi."

Naam, majeshi yakatoka! Mbele Bwana Mia, akisukuma baiskeli yake mwenyewe, yenye habu za matone matatu, iliyofika mia na kumi na sita asubuhi ileile. Nyuma yake Mkunga na baiskeli ya grisi, mkoba wake wa kazi ukiwa umefungwa kwenye keria. Kisha Mama Grisi, mtoto mgongoni. Kisha Katikati na chaki. Kisha benchi zima la wateja, ambao ghafla hakuna aliyekuwa na haraka. Wakaupanda mlima wa tangi la maji, ambao barabara yake hushuka moja kwa moja kupita mashine ya kusaga, ikatulia tambarare na kufuata ukuta wa shule. Sheria zikasomwa: asipige mtu pedali, asishike mtu breki, kila baiskeli iende hadi itakaposimama yenyewe kwa hiari yake.

Katikati akaangusha leso, akaomba radhi pande zote mbili.

Bwana Mia akashuka ameketi wima, kifua mbele, mikia ya koti ikipepea nyuma yake kama bendera za nchi mbili. Mkunga yeye alijikunja juu ya usukani kwa kuwa alihofia kitambaa chake cha kichwani. Hadi nguzo ya kwanza walikuwa sawa. Kwenye nguzo ya pili Mkunga akampita bila kugeuka. Kwenye mashine ya kusaga alikuwa ni mgongo tu. Bwana Mia akasimama mwanzo wa ukuta wa shule. Mkunga akaenda, akaenda, akasimama karibu na lango, akashusha mguu, akapiga miayo.

Watu wakapiga kelele. Bwana Mia akaitupa baiskeli chini.

"Haihesabiki!" akapaza sauti. "Huyu ni mzito! Na mkoba wake mzito! Mlima unamvuta kama gunia! Na mimi koti langu limekamata upepo wote wa nchi hii! Hapa habu haikupata hata nafasi ya kusema neno!"

Hata Katikati aliinua uso.

"Kwa hiyo, baba," akasema Mama Grisi polepole, kama mtu anayetegua mwiba kwenye mguu wa mtoto, "uzito na upepo vina nguvu kuliko habu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema habu haikupata nafasi ya kusema."

"Nimesema kwa hasira!"

"Mzito nani?" akauliza Mkunga, aliyekuwa anarudi taratibu.

Na hapa ndipo penye utukufu wa shujaa wetu, wala msipapite haraka. Wangapi wangechukua ushindi ule na kukimbia nao? Mama Grisi aliutazama, akauona una tundu, kwa jicho lilelile lililoona matundu ya tyubu elfu, akakataa kuuchukua.

"Baba anasema kweli," akasema. "Tumebadilisha vitu vinne kwa pamoja, mtu, mkoba, koti na habu, sasa tunamlaumu nani? Mtoto akiharisha hubadilishi uji na maziwa na maji siku moja. Unabadilisha kimoja, unangoja, ndipo unamjua mchawi. Tuchukue baiskeli moja, ya Mkunga. Mwendeshaji mmoja, wewe baba, na koti lako hilohilo. Tubadilishe magurudumu peke yake. Uteremke mara mbili na ya mafuta, mara mbili na ya grisi. Katikati atapiga chaki pale utakaposimama."

"Mara nne?" akauliza Bwana Mia, akiutazama mlima.

"Ukiona ni nyingi, baba, nakupa beseni ukae kivulini." Akajiziba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka, na benchi zima lilikwisha kulidaka.

Akapanda. Mama Grisi akayafunga magurudumu ya mafuta, ya Bwana Mia, kwenye baiskeli ya Mkunga, akabonyeza kila tairi kwa dole gumba, akaongeza pumzi pale palipolegea, mpaka yote yakawa ugumu mmoja. Safari ya kwanza Bwana Mia alishuka kama sanamu iliyofunguliwa minyororo, akasimama kwenye mfuniko wa mfereji. Chaki. Akapanda tena, kwa miguu, koti likiwa limeanza kumshika makwapani.

Safari ya pili ndipo yalipotokea makubwa. Alikuwa anakuja kwa kasi ileile, upepo uleule, magurudumu yaleyale, alipotokea mlangoni pa mashine ya kusaga bibi mmoja, mama mzazi wa mwenye mashine, akapunga mkono. Jamani, mngefanyaje? Bwana Mia akanyanyuka juu ya kiti, akavua kofia, akaiweka kifuani, na koti likafunguka lote kama mlango wa ghala. "Shikamoo, mama! Za siku nyingi? Wajukuu?" Bibi akaitikia marahaba, lakini Bwana Mia majibu ya wajukuu hakuyapata, alikuwa amekwisha kupita. Akasimama hatua sita nyuma ya chaki ya kwanza.

"Hiyo isihesabiwe," akahema.

"Ihesabiwe," akasema Mama Grisi. "Katikati, andika pembeni: salamu."

Katikati akaandika, wala hakuomba radhi. Wanahistoria wanakubaliana kuwa huo ndio upande wa kwanza aliowahi kuuchukua maishani.

Sasa yakafungwa magurudumu ya grisi, ya thelathini na moja, yaliyotukanwa mchana kutwa. Mama Grisi alipofika nati ya mwisho, aliikaza mara mbili. Alijua anachokisema, ila kujua ni jambo moja, na kumtazama mkwe wako akipanda mlima na hatima yako mkononi ni lingine. Mtoto mgongoni akamvuta sikio. "Tulia, baba," akamwambia. "Na mama yako anajaribu kutulia."

Bwana Mia akashuka safari ya tatu. Bibi alikuwa bado mlangoni; Bwana Mia akakaza macho mbele kama asiyemjua, na dhambi hiyo iko juu ya sayansi. Mfuniko wa mfereji ukamjia, ukamkaribia, ukamkaribia zaidi. Baiskeli ikasita. Ikasimama. Katikati akapiga chaki, akapiga magoti. Upungufu wake na ile chaki ya kwanza ulikuwa upana wa kiganja.

"Kiganja!" akapaza sauti Bwana Mia. "Mmeona? Grisi imekula kiganja!"

"Bado moja, baba."

Akapanda mara ya tano. Nasema akapanda, lakini walioona wanasema alikuwa akipandishwa na baiskeli. Akashuka. Na magurudumu yaleyale ya grisi, pasipo kuongezwa wala kupunguzwa kitu, yakampeleka hadi kwenye mfuniko, yakaupita, yakasimama vidole viwili mbele ya chaki ya kwanza ya mafuta.

Bwana Mia alishuka, akachuchumaa, akapima mwenyewe. Kiganja nyuma. Vidole viwili mbele. Hatua sita, salamu. Akapima tena. Akatazama mlima, akatazama koti lake, na uso wake ukawa wa mtu aliyefungua sanduku alilolilinda maisha yake yote akakuta ndani yake kofia tu.

"Kumbe," akasema Mkunga, "salamu moja ina breki kuliko kopo zima la grisi."

Benchi likaangua kicheko. Mama Grisi hakucheka. Alikuwa akiangalia mikono ya mkwewe, iliyokuwa ikifuta chaki kwenye suruali, ikifuta na hapakuwa tena na chaki.

Bwana Mia akainuka, akajikung'uta, akakohoa. "Nimegundua jambo," akatangaza. "Habu haina neno kubwa mteremkoni. Jambo hili mimi nililishuku tangu zamani."

"Zamani ya lini?" akauliza Mkunga. "Ya kabla ya kunyoa au baada?" Na bila kungoja jibu akadai baiskeli yake, akafunga mkoba, akateremka kuelekea kwa mzazi wake, kajikunja juu ya usukani. Habu zake hazikutoa sauti yoyote.

Wakarudi karakanani wengine wote. Mama Grisi akamlaza mtoto ndani ya tairi. Akasimama katikati ya chumba, hatua tatu na nusu toka kwenye beseni, tatu na nusu toka kwenye meza, maana ahadi ilitolewa na yeye, wala mkwewe hakuwa ameiitikia kwa mdomo. Bwana Mia akaleta gurudumu la baiskeli yake mwenyewe, lile la mia na kumi na sita. Akalifungua juu ya meza. Akamimina gololi kwenye kisahani, akaokota moja, akaizungusha kati ya vidole karibu na dirisha, akaiona imetobokatoboka. Kisha akaondoka kwenye kigoda, akakivuta kwa mguu mpaka kikamfikia mkwewe.

"Kaa," akasema, akitazama ukutani.

Akakaa. Naye Bwana Mia akabaki amesimama, kopo la grisi mkononi, kifuniko kimekwisha kufunguliwa.

"Kiasi gani?"

"Mpaka gololi zizame, baba. Usiionee uchungu grisi."

Akachota kwa kidole kimoja, akamtazama. Mama Grisi akatikisa kichwa. Akachota kwa viwili.

Pigeni magoma, enyi mlioketi, na msiokuwa na magoma pigeni mabati ya mlango! Waandishi wachonge kalamu, na tarehe iandikwe mahali pakavu. Miji imeshindwa, majeshi yameteka milima na kuiacha, na hakuna lililobadilika ila majina ya wakubwa. Bali siku ile ya Jumatano, katika chumba kirefu chenye dirisha moja, mwanamume aliyejua kila kitu alimuuliza mke wa mwanawe swali, akangoja jibu.